Usukani Umenyooka, Gari Bado Inakwenda Mshazari

Mvua ilikuwa imepita upande mmoja tu, kama kawaida ya Unguja: Mwera kumeloa chepechepe, Tunguu kukavu. Nilikuwa kwenye Vespa, mdogo wangu yuko mbele yangu na pikapu yake, bodi tupu. Alipotoka kwenye maji na kuingia lami kavu, tairi zake zikaacha alama nyeusi, na mimi nikawa nazifuata alama zile bila ya kukusudia.

Zilikuwa mbili kila upande.

Gari ikienda sawa, tairi ya nyuma hukanyaga karibu pale pale ilipokanyaga ya mbele, na wewe unayefuata huoni ila mstari mmoja kushoto na mmoja kulia. Hapa upande wa kulia alama ya nyuma ilitoka nje ya ile ya mbele kwa karibu upana wa vidole viwili. Upande wa kushoto ilirudi ndani kwa kiasi hicho hicho. Mkia wa gari ulikuwa umeshika njia yake mwenyewe.

Nikampigia honi asimame. Akashuka, akatazama lami, akatazama tairi, kisha akanijibu kwa utulivu kabisa: "Kaka, mbona alaimenti nimeshafanya? Hebu shika usukani uone." Alikusudia kule kupangiwa mwelekeo wa tairi.

Nikaendesha. Usukani ulikuwa umenyooka barabara. Ukiuachia, gari inakwenda yenyewe bila ya kuvuta kokote.

Hilo ndilo lililonikosesha raha wiki kadhaa.

Kwa nini aliishusha

Wengi wakisikia gari imeshushwa hudhani ni mambo ya vijana na mapambo. Kwa mdogo wangu ni kazi. Anabeba mafriji, makochi na mashine za kufulia kutoka madukani Mlandege kupeleka majumbani, na mara nyingi msaidizi ni mmoja tu. Bodi ikishuka inchi mbili, mgongo unaiona tofauti hiyo kila siku.

Pikapu yake ni ya ekseli nzima nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha tairi mbili, springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa tabaka), na ekseli imekaa juu ya springi. Kwa gari za mpangilio huo njia rahisi ya kuishusha ni kuweka pakingi ya chuma baina ya springi na ekseli, kila upande moja. Pakingi huinua ekseli kuisogeza karibu na chesisi, yaani fremu ya gari, na kwa kuwa tairi haziendi popote, kinachoteremka ni gari. Yuboti, zile bolti za umbo la U zinazoifunga ekseli na springi, zinabadilishwa kuwekwa ndefu zaidi, shokapu zinatazamwa kama bado zina nafasi ya kucheza, na zile raba zinazozuia ekseli isigonge chesisi zinapimwa upya, kwa sababu inchi mbili ulizoshuka ndizo inchi mbili zilizoondoka hapo.

Gereji iliyoifanya kazi hiyo ilikereza pakingi zake yenyewe. Kwa macho zilikuwa nzuri: chuma kizima, pembe safi, rangi imepakwa. Nimewahi kuona watu wanaweka vipande vya mbao, kwa hiyo hizi niliziheshimu.

Usukani ni shahidi wa mbele tu

Mdogo wangu alinihadithia ilivyoanza. Siku aliyoitoa gari gereji, usukani ulikaa kulia kidogo ili gari iende moja kwa moja. Akarudi kulalamika. Akaambiwa ni ulalo wa barabara.

Jibu hilo si la kijinga. Barabara zetu zimelazwa kushoto ili maji yatiririke, na gari huteleza kushoto polepole, kwa hiyo dereva hushika kulia kidogo bila ya kujua. Lakini ulalo unapimika kwa urahisi. Tafuta kiwanja kigumu kilicho bapa, nenda nacho upande huu, kisha geuza urudi. Kama ni ulalo, ukirudi usukani utahamia upande wa pili au utanyooka. Kwake ulibaki kulia, akienda na akirudi.

Ndipo akaipeleka kwenye alaimenti. Wakarekebisha tairi za mbele mpaka usukani ukanyooka. Akalipa, akaridhika.

Na hapa ndipo nilipokwama kwa siku nyingi, nikijaribu kuelewa vipi kitu kimoja kiwe kimerekebishwa na hakijarekebishwa.

Nilichokuja kukielewa ni hiki. Tairi za nyuma za gari yenye ekseli nzima hazina usukani, lakini zina mwelekeo. Ekseli ikikaa mraba na chesisi, zinasukuma gari mbele sawasawa. Mwisho mmoja wa ekseli ukitangulia hata kidogo, tairi zote mbili za nyuma zinaelekea pembeni, na gari nzima inataka kupinda. Dereva anajibu kwa kuzigeuza tairi za mbele zielekee huko huko zinakoelekea za nyuma. Sasa tairi zote nne zinatazama upande mmoja na gari inakwenda mstari ulionyooka, ila mwili wake umekaa mshazari juu ya mstari huo.

Mwisho wa kushoto ukitangulia, tairi za nyuma zinaelekea kulia, mkia unatoka kulia, usukani unakaa kulia. Ndivyo ilivyokuwa kwake, kitu kwa kitu.

Fundi wa alaimenti anapokuta usukani uko kulia na anashughulika na tairi za mbele peke yake, anaweza kuunyoosha kwa kurefusha na kufupisha fimbo za usukani. Tairi za mbele zinabaki zikitazama kulia kama zilivyokuwa, ila sasa usukani uko katikati. Dalili imeondoka. Ekseli ya nyuma haikuguswa.

Tena wengi watakwambia nyuma hakuna cha kurekebisha. Wana sehemu ya haki: gari nyingi za ekseli nzima hazina bolti ya kupindua huku na huku kama mbele. Lakini kukosa bolti ya kurekebishia si sawa na kuwa ekseli haiwezi kukaa vibaya. Gari ilipotoka kiwandani ekseli ilishikwa mahali pake na senta bolti, bolti ya katikati ya springi. Ukishaifungua ukaweka kitu baina, wewe ndiye unayeamua itakaa wapi.

"Kwani ina ubaya gani?"

Mdogo wangu si mtu wa kubishana bure. Aliniuliza swali la haki: usukani umenyooka, gari haivuti, tairi haziliwi vibaya, mteja anapata friji lake. Kwani ina ubaya gani?

Nilitaka nimjibu haraka kwamba tairi zitakwisha. Lakini nilipolifikiri vizuri, jibu hilo halikusimama. Tairi zote nne zikishaelekea upande mmoja, haziburuziki sana. Sasa hivi hata ukizipapasa huoni kitu. Mtu angeweza kuendesha hivyo miaka akaona ni sawa.

Jibu lilinijia kutoka mahali pengine.

Ekseli haikuzaliwa imepinda. Ilisogea, au iliwekwa. Kama iliwekwa, basi iko mahali pasipo pake lakini imeshikwa. Kama ilisogea, basi haijashikwa na kitu ila msuguano wa yuboti, na siku itakapopata breki kali ikiwa na mzigo wa mtu juu yake, itasogea tena.

Watu huitazama yuboti kwa sababu ni kubwa na inaonekana, wakadhani ndiyo inayoshika ekseli. Yuboti inabana. Kinachoiweka ekseli mahali pake ni kichwa cha senta bolti, kile kinundu kidogo kinachopita katikati ya majani ya springi na kuingia kwenye tundu la kiti cha ekseli. Kichwa kikikaa tunduni bila ya kucheza, ekseli haina pa kwenda. Ukiweka pakingi unakuwa na viungo viwili badala ya kimoja: kichwa cha senta bolti kinaingia kwenye tundu la pakingi, na pini ya pakingi inaingia kwenye tundu la ekseli. Vyote viwili lazima vikae barabara.

Kwa hiyo swali halikuwa tena kama gari inakwenda mshazari. Lilikuwa: je, ekseli imepotea njia au imelegea?

Nikamwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi tufungue."

Nikamwambia hapana. Tupime kwanza. Ukishafungua umefuta ushahidi.

Kila mmoja na futi yake

Gereji ya jirani, Mwanakwerekwe, fundi alikuwa mkarimu. Akaitia gari ndani, akachukua futi, akapima kutoka ukingo wa tairi ya mbele hadi ukingo wa tairi ya nyuma, kushoto na kulia. Akapata tofauti ya sentimita mbili na zaidi.

Kijana wake akapima kutoka ukuta wa nyuma wa bodi hadi tairi. Akapata milimita sita tu, tena upande ambao si ule.

Mtu mwengine aliyekuja kutengenezewa pikipiki akatuambia tupime kutoka bampa.

Wote walikuwa wanapima kwa uangalifu. Wote walipata jawabu tofauti. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyokwenda, na ule usiku ndio niliokaa na kalamu na karatasi.

Tairi ya mbele inageuka na usukani. Hata ukiunyoosha usukani, tairi mbili za mbele hazikai lazima sambamba na chesisi, na bushi za mikono ya mbele zikichoka, tairi moja hurudi nyuma kidogo. Bodi ya nyuma imefungwa kwa bolti juu ya raba, na bodi hii iliwahi kugongwa kabla hatujainunua. Bampa nalo ndio zaidi. Kila mmoja alikuwa anapima kutoka kitu ambacho chenyewe hakijulikani kiko wapi.

Wanaounda vyombo kule Nungwi hulaza mkuku kwanza, uti wa chini wa chombo, na kila taruma (ubavu) linawekwa kwa kuufuata mkuku ule. Sisi tulikuwa tunajaribu kujua kama mkuku umenyooka kwa kuupima kutoka kwenye mbao za ubavuni.

Gari nayo ina mkuku wake, nao ni chesisi.

Timazi na chaki

Aliyetutoa hapo ni mwashi. Mzee mmoja aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani yetu, alinikuta nachora pembe nne chini kwa kijiti na akaniuliza nataka kujenga nini. Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hii si msingi tu huu?"

Na kweli ni msingi. Msingi wa nyumba hauangaliwi kwa jicho. Unapigwa uzi, pembe zinapimwa kwa pembetatu ya tatu-nne-tano, kisha mishazari miwili inapimwa: kama iko sawa na pande zinazokabiliana ziko sawa, umepata pembe mraba. Kilichobaki ni kuuleta msingi ule chini ya gari.

Akaja na timazi lake la kuning'iniza, uzi, chaki, na mpira wa maji. Mpira ulikuwa wa kuangalia sakafu ya gereji, kwa sababu gari ikilala upande, timazi litashuka sawa lakini kutoka mahali palipohama. Sakafu ilikuwa na mteremko mdogo, tukaisogeza gari hadi pembe iliyo bapa. Gari inasimama juu ya tairi zake, si juu ya jeki. Ukiinyanyua, springi zinaning'inia na ekseli inakaa pengine kabisa. Tukaisukuma mbele na nyuma ili springi zikae zinavyotaka, tukaiacha.

Tukateremsha timazi kutoka kwenye chesisi kwanza. Chesisi ina matundu yaliyotobolewa kiwandani, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Tulichagua jozi mbili, tukaweka alama nne za chaki sakafuni. Tukapima mishazari.

Ilikuwa sawa, isipokuwa milimita mbili.

Sitasahau uso wa mdogo wangu. Hofu yake ya siku zote, ambayo hakuisema mpaka dakika ile, ilikuwa kwamba chesisi imepinda tangu ile ajali ya zamani na kwamba ameuziwa gari mbovu. Chesisi ilikuwa imenyooka.

Baada ya hapo tukateremsha timazi kutoka bolti za mbele za springi, pale jicho la springi linapoingia kwenye chesisi, kwa sababu hapo ndipo springi inaposhika. Nazo zilikaa sawa na yale matundu. Kutu haikuwa imekula sana. Kwa gari inayolala karibu na bahari hilo si jambo la kudhania, mara nyingi vishikio hivi huoza kwa ndani na rangi inabaki nzuri nje.

Mwisho tukateremsha timazi kutoka kwenye ekseli yenyewe, katikati ya kila springi. Kutoka bolti ya mbele hadi ekseli, kushoto palikuwa pafupi kuliko kulia kwa milimita 10.

Springi mbili hizi zinaachana kama mita moja. Milimita 10 kwenye mita moja ni moja kwa mia. Umbali wa tairi ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.85, kwa hiyo mkia unatoka nje kwa milimita 28 au karibu yake. Vidole viwili vya kule Tunguu.

Na kwa pembe ni kama nusu digrii na kidogo. Usukani huzunguka kiasi cha mara 15 hadi 20 ya tairi, ndiyo maana nusu digrii ya nyuma ilikuwa inaonekana mkononi kama digrii kumi.

Hesabu ilipokubaliana na lami, nilipumua.

Pande mbili, kila moja sawa

Sasa tukafungua. Gari juu ya stendi, chesisi imeshikwa, ekseli imeshikwa na jeki yake, yuboti zikatolewa upande wa kushoto.

Nilitegemea kuona tundu lililopanuka, au pini iliyokatika, au alama za chuma kusuguana. Sikuona. Senta bolti ilikaa vizuri tunduni. Pini ya pakingi ilikaa vizuri kwenye ekseli. Hakuna kilichocheza.

Tukafungua kulia. Vile vile.

Kila upande ukiutazama peke yake ulikuwa kazi safi. Fundi alizishika pakingi mbili mkononi, akazigeuza, akazilinganisha, akazirudisha. Mdogo wangu akaanza kusema labda tumepima vibaya.

Ni yule mwashi aliyezichukua na kuziweka juu ya meza, moja kando ya nyengine, zote pini juu. Kisha akaweka futi.

Pini haikuwa katikati ya tundu la chini.

Ilikuwa imepotoka milimita tano. Kwenye pakingi zote mbili, milimita tano ile ile, kwa sababu zilitobolewa kwa kufuata kielelezo kimoja. Ukiishika moja huwezi kujua: tundu liko chini, pini iko juu, jicho haliwezi kuviona vyote kwa pamoja. Na pakingi haina mbele wala nyuma iliyoandikwa. Kushoto ilifungwa pini ikielekea mbele. Kulia ilifungwa pini ikielekea nyuma. Tano mbele, tano nyuma: kumi.

Hakuna aliyekuwa mzembe pale. Aliyetoboa alitoboa mbili zinazofanana. Aliyefunga alifunga zikakaa. Kosa halikuwa kwenye pakingi ya kushoto wala ya kulia, lilikuwa baina yao, na baina yao hapakupimwa.

Tukaigeuza moja nusu mzunguko, tukafunga bila ya kukaza mwisho, tukaishusha gari, tukaisukuma ikae, tukateremsha timazi. Kushoto na kulia zilikuwa sawa. Ekseli nzima ilikuwa imesogea milimita tano nyuma, jambo ambalo gari hailijui.

Hatukuziacha hizo. Zilikuwa za kutuhakikishia tu. Tulikwenda kukereza nyengine zenye pini katikati hasa, na tukanunua yuboti mpya, kwa sababu yuboti ikishakazwa inavutika, na kuikaza tena ni kuitegemea kwa nguvu ambazo hainazo. Nikaomba pia difu, lile tumbo la gia la ekseli ya nyuma, ipimwe pembe yake. Siku hizi simu ina pimamaji ndani yake. Kinachotakiwa ni uso wa difu na uso wa giaboksi vikae sambamba, ili krosi (viungo) mbili za propela, ile shafti ya kutoka giaboksi hadi difu, zifutiane mtetemo. Kwa kuwa pakingi zake ni bapa, pembe ya difu haikuguswa, na hakukuhitajiwa kabari. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wanatia kabari kila gari iliyoshushwa, kama dua. Kabari ni dawa ya pembe iliyoharibika. Isiyoharibika utaiharibu wewe.

Alipoitoa barabarani, usukani ukakaa kushoto.

Akanipigia simu kwa wasiwasi. Nikafurahi. Tairi za mbele bado zilikuwa zimepangwa kufuata ekseli iliyopinda; ekseli ilipokaa sawa, uongo wa mbele ukadhihirika. Akarudi kwenye alaimenti, safari hii wakinyoosha usukani unanyooka juu ya gari iliyonyooka.

Mzigo ukipakiwa

Ningekuwa tayari kuishia hapo. Mwashi ndiye aliyeuliza, "Hii gari hubeba vitu, au hutembea tupu?"

Tukapakia mifuko kumi ya saruji, nusu tani, tukapima tena.

Kulia kulikuwa kumetangulia kwa milimita nne.

Springi ya majani imepinda kama upinde. Jicho lake la mbele halitembei, la nyuma linabembea kwenye kishikio chake. Mzigo ukiibonyeza, upinde unanyooka, na springi iliyonyooka ni ndefu kuliko iliyopinda, kwa hiyo ekseli inarudi nyuma kidogo. Pande zote mbili zikirudi sawa, hakuna tatizo. Hizi hazikurudi sawa. Springi ya kulia iliongezwa jani zamani, na yeyote aliyewahi kumiliki gari ya kazi anajua kwa nini: upande wa dereva huchoka mapema, mtu anaongeza jani moja huko na kuona ameokoa pesa. Jani lile likaufanya upande wa kulia uwe mgumu. Kushoto ilinyooka, kulia ikabaki na upinde wake.

Kwa hiyo alikuwa na gari iliyokwenda mkia kulia ikiwa tupu, na huenda ikiwa na mzigo kosa moja lilikuwa linapunguza jengine. Sijui kama kuna mashine ya alaimenti ambayo ingetuambia hilo, kwani gari huwa inapandishwa juu yake ikiwa tupu.

Springi hubadilishwa jozi. Tulipata jozi iliyotumika, ikapimwa upinde kwa upinde kabla ya kununuliwa, na bushi mpya. Tukapakia tena. Tofauti ikabaki milimita moja, na mwashi akakunja uzi wake.

Breki

Jambo moja bado, na nalitaja kwa wenye pikapu zilizoshushwa kwa sababu hatukulifikiria mpaka mwisho.

Baadhi ya pikapu zina valvu ya breki karibu na ekseli ya nyuma, imefungwa kwa fimbo ndogo inayokwenda kwenye ekseli. Kazi yake ni kujua kama gari ina mzigo. Gari ikibeba, chesisi inashuka karibu na ekseli, fimbo inasogea, valvu inapeleka nguvu zaidi breki za nyuma. Gari ikiwa tupu inazipunguza, ili tairi za nyuma zisikamate kabla ya za mbele.

Ukiishusha gari, fimbo inaona chesisi iko karibu na ekseli. Valvu haijui habari ya pakingi. Inadhani bodi imejaa, nayo ni tupu, na mvua inanyesha.

Ya mdogo wangu inayo. Fimbo ina nafasi ya kurekebishwa, na kwa inchi mbili fundi ameona inatosha bila ya kutengeneza kishikio kipya. Kazi hiyo ni ya wiki hii. Mpaka ikamilike nimemwomba asiipeleke gari tupu mbio kwenye lami iliyoloa, na amekubali. Mafriji ya Fumba atayapeleka asubuhi, jua likishatoka.